Kupamba Nyumba Isiyo Yako

Kila mwaka ikifika Desemba, swali moja linarudi katika mazungumzo yetu, na mara nyingi linakuja na kicheko: mkimbizi anapamba nyumba ya nini? Mimi nafanya kazi na vijana hapa Bujumbura. Wengi wao ni Wakongomani wa Uvira, Fizi na Bukavu, na familia zao zimepanga chumba kimoja au viwili Kinama, Kamenge ama Buterere. Wengine ni Warundi wanaosoma nao au wanaokaa nao ua mmoja. Noeli ikikaribia tunakata nyota za katoni, tunaunga minyororo ya karatasi, tunawaomba mafundi cherehani vipande vya kitenge vilivyobaki. Basi hapo ndipo kicheko kinaanza.

Mama mmoja, wa umri wa mama yangu, yeye hakucheka. Aliniuliza tu, kwa Kiswahili chetu cha kule: "Mwanangu, unapambaka nyumba ya watu, na yako kule iko na nani?"

Swali lake ni zito kuliko vicheko vya wengine wote. Ningependa tulijadili hapa, sisi tulio mjini na nyinyi mlio Musasa, Gasorwe, Bwagiriza, Kavumu, Nyankanda na Musenyi, pamoja na wafanyakazi wa mashirika wanaosoma kurasa hizi. Je, ni sawa kupamba mahali ambapo hukuchagua kukaa, na ambapo hutaki kubaki?

Kwanza tuelewane tunasema pambo gani. Ukipita katikati ya mji mwezi huu utaona miti ya plastiki madukani, taa zinazowaka na kuzima, na pamba imewekwa juu ya matawi ili ifanane na theluji. Mtoto aliyezaliwa kando ya Tanganyika hajawahi kuona theluji, na Desemba hapa ni mwezi wa mvua na matope. Lakini pamba anaijua, maana tambarare ya Imbo ni nchi ya pamba tangu zamani. Sina neno na miti hiyo, inapendeza. Ila bei yake si ya kwetu, na si hiyo ninayoizungumzia.

Pambo la mitaani ni jingine. Chumba kinafagiliwa mpaka chini ya kitanda. Ukuta unapakwa chokaa, kama pesa ya chokaa ipo. Vitambaa vilivyofumwa kwa mkono vinafuliwa na kutandikwa tena juu ya viti. Matawi ya mchikichi yanafungwa mlangoni, na kwa wengine mgomba unasimamishwa huku na huku ya mlango kama siku ya harusi. Ndani kuna nyota ya katoni, mnyororo wa karatasi za madaftari yaliyokwisha, na pango dogo la Noeli lenye wanyama wa udongo. Gundi ni uji wa unga wa muhogo. Ukiondoa chokaa, hakuna kitu hapo cha kukupeleka dukani.

Sasa turudi kwa yule mama. Nadhani anachoogopa ni kwamba kupamba ni kama kutia sahihi kuwa umekubali kubaki. Anayetazamia kurudi hukaa kama abiria: mfuko uko tayari, ukuta mtupu. Nawajua watu walioishi hivyo miaka mingi hapa mjini. Hawapigi msumari ukutani, hawatundiki hata kalenda. Sitawacheka hata siku moja, kwa sababu ukuta ule mtupu ni kiapo. Unasema: sijaisahau nyumba yangu.

Lakini kiapo hicho kuna mtu mwingine anayekilipia, naye ni mtoto. Chukua msichana wa miaka 12 aliyezaliwa Kamenge. Akitoka shule anawaambia wenzake, "Naenda kwetu." Jioni hiyo hiyo mama yake anasema, "Kwetu mvua ikinyesha hivi tulikuwa tunapanda maharage." Neno ni moja, mahali ni pawili. Kwetu kwa mama ni ng'ambo ya Ruzizi. Kwetu kwa mtoto ni chumba hiki cha mabati, wala hana pengine pa kukumbuka. Tukimwambia kila mwaka kwamba tutapamba tukirudi, tunamwambia bila kukusudia kwamba Noeli zake zote 12 hazihesabiki, kwamba maisha yenyewe bado hayajaanza. Na utoto haungoji. Hawezi kuuweka pembeni mpaka vita viishe, kisha akauchukua tena.

Waliosoma falsafa mwishoni mwa sekondari watamkumbuka Descartes. Katika kitabu chake cha mwaka 1637 kuhusu njia ya kufikiri, anatoa mfano wa mtu anayetaka kubomoa nyumba yake ili aijenge upya. Anasema haitoshi kuwa na vifaa na fundi. Lazima mtu huyo apate pia nyumba nyingine ya kukaa vizuri wakati ujenzi unaendelea. Yeye alikuwa anazungumzia kanuni za maisha: huwezi kusimama tu barabarani mpaka upate majibu yote, kwa hiyo unahitaji kanuni za muda za kuishi nazo. Naye alikuwa anaandika akiwa ugenini, Uholanzi.

Ni kweli kuna tofauti kubwa kati yake na sisi. Nyumba ya mfano wake inabomolewa na mwenyewe, kwa hiari, na mchoro wa mpya anao mkononi. Zetu zilibomolewa na wengine, na nyundo hatujaishika sisi. Lakini lile neno "vizuri" linanikaa kichwani. Nyumba ya kungojea nayo ni ya kukaliwa na binadamu. Na kama hujui ujenzi utakwisha lini, hiyo ni sababu zaidi ya kuifanya ikalike.

Hakuna anayejua utakwisha lini. Tuangalie historia ya eneo letu. Mwaka 1972 Warundi wengi walikimbilia Tanzania na wakapewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Aliyefika huko na mtoto mgongoni alikuja kupata wajukuu huko huko, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Wakati huo huo kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, ilifungwa Desemba 2012 na maelfu ya Warundi wakarudishwa kwao, wapende wasipende. Nayo Nyarugusu, katika wilaya hiyo hiyo, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na watoto waliozaliwa pale sasa ni wazazi.

Watu hao wote walikuwa wakimbizi katika nchi moja. Wengine wakabaki, wengine wakaondolewa, wengine bado wanangoja. Katika mambo yote hayo, hakuna hata moja lililoamuliwa na jani la mchikichi mlangoni. Walioamua walikuwa serikali, vita, mikataba na fedha. Ukuta wako mtupu hauharakishi safari ya kurudi, na nyota yako ya katoni haiicheleweshi. Kwa hiyo huyo mama ningemjibu hivi: nyumba yako kule, ukipamba hapa hujaitoa kwa mtu. Hii unayoipamba ni siku ya leo na watu waliomo ndani yake.

Mtu atauliza, basi pambo gani linamfaa anayehamahama? Watu wenye nyumba za kudumu husifu mapambo yasiyopitwa na wakati: sanduku linaloshushwa darini kila mwaka, lenye vitu vya bibi na vya mama yake bibi. Sanduku kama hilo sisi hatuna. Februari 2025, makumi ya maelfu ya watu walipovuka Ruzizi kuingia Cibitoke, wengine wakipita ndani ya maji yenyewe, walibeba watoto, sufuria na vitambulisho. Sidhani kuna aliyebeba nyota ya Noeli.

Kwetu sisi kisichopitwa na wakati ni kile ambacho mkono unajua kukitengeneza tena. Anayejua kusuka jani la mchikichi hapa Bujumbura atalisuka Nyarugusu au Uvira, na mahali pasipo mchikichi atachukua ganda la hindi. Hata pango la Noeli lilisambaa hivyo. Mwaka 1223, kijijini Greccio nchini Italia, Fransisko wa Assisi alitumia hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda, vitu ambavyo mkulima yeyote wa hapo alikuwa navyo. Imepita miaka 800 na desturi ipo, kwa sababu kila kijiji kinaweza kuifanya upya kwa vitu vyake. Wa kwetu wanafinyanga ng'ombe wenye pembe ndefu, kama wale wa milimani, na hakuna aliyelalamika.

Tena hadithi yenyewe inahusu nyumba ya muda. Mtoto analazwa horini kwa sababu nyumba ya wageni imejaa, na baada ya muda familia inakimbilia Misri usiku. Hapa sihubiri, miongoni mwa vijana wangu kuna Waislamu wa Buyenzi ambao wanakata nyota pamoja nasi, na Idi ikifika wenzao wanakwenda kuwasaidia kutoa mikeka na kufagia ua. Wote wanaelewa sawasawa maana ya kuandaa nyumba kwa siku inayokuja.

Na nyumba ya namna hiyo inajulikana kwa nini? Huko Ulaya wanaisifu kwamba ina joto, maana nje kuna baridi kali. Hapa kando ya ziwa ukimwambia mtu nyumba yake ina joto atakuomba radhi na kufungua dirisha. Kwetu sifa ni nyingine: mgeni anapata pa kukaa. Chumba kinaweza kuwa kidogo, watu wanakaa kwenye ukingo wa kitanda magoti yakigusana, lakini kiti kimoja kimeachwa kwa anayekuja. Hiyo ndiyo inaitwa nyumba nzuri, na nyota zote zinafuata nyuma ya kiti hicho.

Sasa nifike kwenye swali gumu zaidi, ambalo Descartes hawezi kutusaidia. Ni msiba. Kwenye ua wenye familia sita, simu inalia tarehe 20 Desemba: kijana amekufa kule. Desturi tunaijua. Radio inazimwa, watu wanakuja kukaa, moto unawashwa uani, wanawake wanalala na mfiwa. Na yale matawi mlangoni kwa jirani, yafanywe nini?

Vijana waligawanyika. Mmoja alisema tutoe vyote, ni aibu kung'aa wakati mwenzako analia. Mwingine akasema kwetu hakuna mwaka usio na msiba. Tukingoja mwaka mtupu, hatutasherehekea mpaka tuzeeke. Kila mmoja ana haki yake. Mimi naona jibu linaanza kwa kumuuliza mwenye msiba, jambo ambalo tunaliruka kwa sababu linatisha. Katika ua mmoja waliuliza. Mama mfiwa alisema muziki hapana, lakini taa na nyota acheni. Kisha akawatuma watoto wake wadogo wakalale katika chumba kile kilichopambwa, wasisikie kilio usiku kucha. Siku hiyo chumba kile kilikuwa mahali pa kuwapeleka watoto, na majirani walifurahi kwamba kilikuwa tayari.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Pambo ambalo mfiwa anaweza kuingia ndani yake na kukaa, hilo ni halali. Likimfanya ageuze uso akipita mlangoni, lina kasoro, hata kama limegharimu pesa nyingi. Na akisema hapana kabisa, basi matawi yanaingia ndani ya mlango kwa muda. Mwaka bado una siku nyingine, kuna Bonane, kuna na Pasaka.

Neno lingine nalielekeza kwa wafanyakazi wa mashirika, kwa heshima, maana baadhi yenu ni marafiki zetu. Mara kadhaa nimesikia mzazi akimwambia mtoto: "Toa hizo nyota haraka, watu wa shirika wanakuja kutembelea." Kitambaa kizuri kinakunjwa, taa ya sola inafichwa chini ya kitanda, chumba kinarudishwa kuwa kibaya. Familia inaogopa kwamba ikionekana nadhifu, jina litafutwa kwenye orodha ya wanaosaidiwa.

Labda hofu hiyo imezidi. Labda hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufuta jina kwa sababu ya nyota. Lakini hofu ipo, na tazameni inamfundisha nini mtoto: kwamba ili usaidiwe lazima uonekane umeshindwa, kwamba usafi ni ushahidi dhidi yako. Baadaye tunaandaa semina za kuwaambia vijana wajithamini. Nyota ya katoni haisemi lolote kuhusu sufuria. Ukitaka kujua habari za sufuria, fungua kifuniko, au muulize mama wamekula mara ngapi jana. Na ukikuta pambo, lisifu kwa sauti, mtoto akusikie. Familia itajua kwamba hapo hakuna mtego.

Sisi wenyewe pia tuna mipaka ya kuweka, kwa sababu kuna mapambo yasiyofaa hata kama ukuta unapendeza. Kuuza chakula cha mgao ili ununue taa za rangi hakufai, kwani Januari utakwenda kuomba unga kwa jirani uliyemringishia. Kukopa kwa ajili ya pambo hakufai. Kukata msonobari au msipresi kwenye shamba la mtu hakufai kabisa. Karibu na kambi kuni zimeshaleta ugomvi wa kutosha kati yetu na wenyeji, na mti mzima kwa siku nane ni hasara. Omba tawi, ukinyimwa shukuru uende. Mshumaa karibu na bashi au karatasi haufai, maana ikishika nyumba yako, haitaungua yako peke yake.

Na kuna ushindani. Unaingia polepole: huyu kaweka taa, yule naye kaweka nyingi zaidi, wa tatu hana kitu na anafunga mlango mapema ili watoto wasione. Kwa vijana wangu nimeweka utaratibu mmoja tu. Minyororo yote inatengenezwa pamoja, inapimwa kwa hatua za miguu, na kila chumba cha ua kinapata urefu sawa, akiwemo yule bibi anayeishi peke yake na asiyekuja kukata. Kuna walionung'unika kwamba wamefanya kazi zaidi. Ni kweli wamefanya zaidi. Lakini walipomfungia yule bibi mnyororo wake, hakuna aliyeleta tena hesabu hiyo.

Sisemi kwamba pambo linatibu kitu. Asubuhi ya tarehe 26 kodi ya nyumba iko pale pale, na habari za kule zinaingia kwenye simu kama jana. Anayetaka kuacha ukuta wake mtupu, kwa sababu ndivyo anavyoikumbuka nyumba yake, nyumba ni yake na moyo ni wake, tusimlazimishe furaha. Ninachoomba ni kwamba asiwakataze watoto, na sisi tusimcheke.

Mwaka huu, kama nafasi ipo, anzeni mapema. Wazee wanaojua kusuka majani waombwe wafundishe, kwa sababu wakiondoka na ujuzi huo hakuna duka litakalouuza. Andikeni majina ya watoto nyuma ya nyota walizokata, pamoja na mwaka na mahali: Kinama, Bwagiriza, Musenyi. Baada ya Bonane majani yatakauka, wapeni mbuzi wa jirani. Nyota ziwekwe ndani ya daftari zikiwa bapa, hazichukui nafasi, na siku ya safari, ikija, zitaingia katika mfuko ule ule wa vitambulisho.